Gia ya Pili, Ubeti na Kiitikio

"Nifungeni macho, mnipandishe kwenye trekta, mnipigie debe masikioni, bado nitaenda mwendo uleule mmoja kutoka ukingo huu wa shamba hadi ukingo ule," Musembi alisema, kisha akavuta chai kwa kishindo ili maneno yashuke vizuri. "Mguu wangu huu haujui aina mbili za mwendo."

Aliyasema hayo kwenye kibanda cha chai cha Kaluki, kando ya barabara ya vumbi inayotoka Kibwezi kwenda mtoni, na alihakikisha kwamba Kaluki mwenyewe anasikia. Kaluki alikuwa amempa mgongo, anageuza mandazi kwenye karai.

"Hata kinu cha posho hubadilisha sauti mahindi yakiisha," Kaluki alisema bila kugeuka.

"Mimi si kinu."

"Najua. Kinu hunyamaza jioni."

Wanywaji chai walicheka. Musembi naye akacheka kuliko wote, kwa sababu mtu aliyekwisha kuchumbia hana haja ya kukasirika, na yeye alikuwa mchumba kamili. Mbuzi wa ntheo, wale wa kufungia uchumba, walikuwa wamekwisha kupelekwa kwa kina Kaluki, wakapokelewa, wakasifiwa, na mmoja wao akaliwa siku hiyohiyo. Kilichobaki ni harusi. Na kabla ya harusi kilibaki kitu kimoja kidogo tu: ufunguo.

Ufunguo wenyewe ulikuwa wa trekta la kikundi cha wakulima wa pamba. Ulikuwa mwaka uliofuata ile njaa ya mahindi ya njano ya msaada, mvua ilikuwa imerudi kwa heshima zake zote, pamba ilikuwa imeota mpaka watu wakaanza kusalimiana vizuri tena. Kikundi kilikuwa na trekta kuukuu lililokohoa kila asubuhi kama mvutaji wa kiko, na sasa lilikuwa limepata mashine mpya ya kupigia dawa. Mashine ilifungwa nyuma ya trekta: tangi la bluu, pampu inayozungushwa na injini, na mabawa mawili ya chuma yaliyokunjuka huku na huku, yenye nozeli za kutemea dawa zilizopangwa kama chuchu za nguruwe. Musembi alikuwa dereva, lakini dereva wa kujaribiwa. Hata hivyo ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Aliuvaa kanisani. Katika picha ya kwaya ya mwaka ule, wanaume wote wamevaa tai, na Musembi amevaa tai na ufunguo juu yake.

"Sikiza," Mzee Mbuvi, mwenyekiti wa kikundi, mtu mwenye tumbo la amani na sauti ya kuuzia ng'ombe, alikuwa amemwambia. "Hii mashine ni ya watu wengi. Ukipiga dawa shamba ya kwanza vizuri, hiyo ufunguo ni yako, utazeeka nayo. Ukiharibu, nampatia Hemedi. Sitaki maneno."

Hemedi alikuwa fundi wa mitambo pale Kibwezi. Babu yake alikuja kutoka pwani kuuza vitambaa, akasahau kurudi. Hemedi alikuwa rafiki mkubwa wa Musembi, na aliutazama ule ufunguo jinsi paka anavyotazama sahani ya mgeni.

*

Siku ya kuipima mashine, walitoka wote watatu hadi uwanja mtupu nyuma ya ghala. Hemedi alipima mita mia kwa futi ya ukanda, akapigilia vigingi viwili, kimoja huku na kingine kule.

"Sasa nisikilize, bwana wee," Hemedi alisema. "Mashine hii haina akili. Injini ikinguruma, yenyewe yatema dawa, basi. Haijui kama trekta laenda ama limelala. Ukienda nusu ya mwendo, pamba yanywa dawa mara mbili, yaungua. Ukienda mara mbili, yapata nusu, na wadudu wakushukuru. Kwa hiyo tutachagua gia moja, mafuta tutayaweka kwenye alama moja, tuone twachukua muda gani kutoka kigingi hiki hadi kile. Halafu muda huohuo tukinge maji yanayotoka kwenye nozeli. Umeelewa?"

"Ni kama kupakua isyo harusini," Mzee Mbuvi alisema, kwa maana mahindi na maharagwe yalimwingia akilini haraka kuliko hesabu. "Mwiko ni ile ile. Ukisimama sana kwa mtu mmoja, yule wa mwisho anakula harufu."

"Hapo umesema, mzee. Saa, sasa." Hemedi alikunja mkono wa shati. Alikuwa na saa kubwa ya kung'aa. Musembi akaitazama, Mzee Mbuvi akaitazama, na mshale haukuwa na haraka yoyote.

"Hii saa inatembea?" Mzee Mbuvi aliuliza.

"Ilikuwa yatembea."

"Lini?"

"Mzee, saa ni heshima ya mkono."

Hapo ndipo Musembi alipopata utukufu wake. Alipanda trekta, akakohoa, akasema saa hawana haja nayo. Kwaya yao ilikuwa na wimbo mpya, uliotungwa na mwalimu wa kwaya kwa ajili ya mashindano ya mavuno, na mwalimu yule alikuwa mkali wa mwendo. Aliwafundisha kwa kugonga meza kwa rula, na aliyetangulia au kuchelewa aligongwa yeye badala ya meza. Wimbo ulikuwa umewaingia hadi kwenye mifupa. Musembi aliuimba kwenye sauti ya tatu, na upande wa sauti ya pili uliongozwa na mama yake Kaluki, mwanamke mwenye sikio ambalo lingesikia mbu akikosea noti.

Alitia gia ya pili. Hemedi alisukuma wenzo wa mafuta mpaka injini ikanguruma sawasawa, akapaka alama nyekundu pale wenzo uliposimama. Gurudumu la mbele lilipofika kigingi cha kwanza, Musembi alifungua kinywa:

*Noa jembe, ndugu, wingu limeshuka,*
*Shamba la Bwana halilimwi na wavivu...*

Aliimba ubeti, akaimba kiitikio, na alipofika "Amina" gurudumu lilikuwa linagusa kigingi cha pili. Walirudia. "Amina" ikaangukia palepale. Walirudia tena, na Mzee Mbuvi sasa akipiga makofi na kuweka besi. Palepale.

Kisha walisimamisha trekta, injini kwenye alama nyekundu, tangi likiwa na maji matupu, makopo yakiwa yamewekwa chini ya kila nozeli, na Musembi akaimba ubeti na kiitikio akiwa amesimama wima kama kwenye mashindano. "Amina," Hemedi akafunga maji. Makopo yote yalikuwa yamelingana isipokuwa moja lililofurika. Hemedi aliitoa nozeli ile, akalitazama tundu lake lililolika, akaitupa, akafunga nyingine. Wakaimba upya. Safari hii maji yalilingana yote, hata ungeyatumia kusawazishia ukuta.

"Haya," Hemedi alisema baada ya kuandika hesabu yake mchangani kwa kijiti. "Dawa nimekwisha kuipigia hesabu kwa mwendo huu na si mwingine. Gia ya pili, alama nyekundu. Usiguse kitu. Na nikuambie la klachi. Ukiikanyaga nusu, magurudumu yasimama lakini pampu haina habari, yaendelea kutema. Ukitaka kusimama, kanyaga mpaka chini, ama funga dawa kabisa. Klachi nusu ni haramu."

"Gia ya pili, ubeti na kiitikio," Musembi alisema, akiubusu ufunguo. "Kwani kuna ugumu gani? Shamba la kwanza ni la nani?"

Mzee Mbuvi alikohoa. "Tulipiga kura jana. Ni ya mama Kaluki."

Musembi akaacha kuubusu ufunguo.

*

Hapa lazima tumhurumie kidogo, kidogo tu. Kwa Wakamba kuna jambo linaloitwa nthoni. Mbuzi wa ntheo wakishapokelewa, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani na kuyachunguza majani mpaka mwenzake apite. Hawali pamoja, hawataniani, hata majina hawatajani. Wokovu ulikuwa umekuja Kibwezi zamani, ukaondoa mambo mengi, lakini nthoni uliipisha ikae benchi la nyuma. Mwalimu wa kwaya alikuwa amelazimika kupanga upya waimbaji wake: Musembi ukingo wa kulia, mama Kaluki ukingo wa kushoto, na katikati wanaume wa besi wenye mabega mapana kama ukuta.

Sasa shamba la mama Kaluki lilianzia barabarani, kwenye kibanda cha Kaluki, likaenda moja kwa moja hadi nyumbani, likaishia mbele ya mlango wa jiko. Upande mmoja mchumba. Upande wa pili mama mkwe. Katikati pamba, na juu ya pamba Musembi.

Asubuhi ya kazi upepo ulikuwa umelala. Musembi alitia gia ya pili, akaweka wenzo kwenye alama nyekundu, akafungua dawa, akaanza. *Noa jembe, ndugu.* Mstari wa kwanza ulikwenda kama uliochorwa. Kama shamba lingeishia katikati, hadithi hii isingekuwepo, na Musembi angezeeka na ufunguo wake.

Lakini alipokaribia jikoni aliinua macho. Mama Kaluki alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, ungo wa ndengu mapajani, uso wake ukiwa umeelekea shambani moja kwa moja.

Musembi alitazama mbingu. Mbingu haikuwa na msaada. Akatazama miguu yake. Akainama nyuma ya usukani, akawa kofia tu inayotembea, na mkono wake, bila kumwomba ruhusa, ukashuka kwenye gia. Tatu! Trekta liliruka. Lilipinda mbele ya jiko pamoja na mabawa yake, likarudi shambani likikimbia kama limeiba. Kuku walitawanyika. Musembi aliendelea kuimba, kwa kuwa ubeti na kiitikio ndiyo sheria, ila sasa maneno yalitoka yakiwa yamekanyagana: *noajembenduguwingulimeshukashambalabwana*, na "Amina" ikafika kabla ya robo ya njia. Akaanza wimbo upya, na alipokuwa mbali vya kutosha kuketi wima, akarudi gia ya pili, akafuta jasho, akaimba kistaarabu.

Upande wa barabarani Kaluki alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda, kitambaa cha njano kichwani.

Trekta likapunguza mwendo. Likaingia gia ya kwanza. Likatambaa. Mbele ya kibanda mguu wa Musembi, ule usiojua aina mbili za mwendo, ukakanyaga klachi nusu.

"Umefika?" Kaluki aliuliza.

"Napita tu."

"Mbona umesimama?"

"Sijasimama. Gia iko ndani."

"Na hiyo dawa inayomwagika huko nyuma?"

"Huo ni ukungu wa kazi," Musembi alisema, akiegemeza kiwiko kwenye usukani kama mtu anayepigwa picha. "Unaniona nilivyonyooka?"

"Nakuona. Mama yuko nje?"

"Sijui. Mimi nitajuaje? Sijatazama."

"Utageukia mlangoni kwake siku nzima na hutatazama?"

"Kaluki, mimi dereva. Macho yangu ni ya njia."

Kaluki aliinua mkono akampa andazi moto, na Musembi akalila lote palepale, taratibu, huku nozeli zote zikiendelea kuhudumia pamba ileile.

Hivyo ndivyo alivyokwenda kutwa. Kule jikoni aliruka kama chura, huku kibandani alitambaa kama kinyonga aliyeshiba. Mara moja dhamiri ilimgusa bega. Akaipa hesabu: haraka ya kule, ukiijumlisha na polepole ya huku, ukigawanya kwa mbili, unapata gia ya pili kamili. Dhamiri ikaikagua hesabu, haikuona kosa, ikaondoka. Tena, tangi lilipokauka, lilikaukia kwenye mstari wa mwisho, palepale Hemedi alipotabiri. Musembi alishuka akipiga mbinja.

"Umeona?" alimwambia Hemedi jioni, akiugongagonga ufunguo kifuani. "Tone halikuzidi, tone halikupungua. Nenda kanunue ufunguo wako mwingine, wa baiskeli."

*

Kama wiki mbili hivi zilipita, kisha Mzee Mbuvi akaenda kulitembelea shamba, mikono nyuma, akitarajia kufurahi.

Upande wa barabarani pamba ilikuwa imebabuka. Mbele ya kibanda cha Kaluki palikuwa na duara la majani ya kahawia, yamejikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Kadiri alivyotembea kuelekea ndani, pamba ilipata nafuu, na katikati ilikuwa nzuri ya kuoneshea wageni. Akaendelea. Alipokaribia nyumbani alifungua kitumba kimoja, akakuta funza amelala ndani, mnene, mweupe, hana wasiwasi wa maisha. Akafungua kingine. Huyo alikuwa na jamaa zake.

Alasiri hiyohiyo wakakutana ghalani, mbele ya trekta. Mzee Mbuvi aliketi juu ya debe. Hemedi alisimama na spana mkononi. Kaluki alikuwa ameleta birika la chai, akakataa kuondoka. Musembi aliegemea gurudumu kubwa la nyuma, akaanza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Ni nozeli," alisema. "Mimi sitaki kumsema mtu, Hemedi ni ndugu yangu, lakini nozeli alifunga nani? Si mimi."

"Nozeli!" Hemedi akaruka. "Nozeli zilizolingana makopo yote? Ati nozeli iteme sana barabarani, iteme wastani katikati, halafu ifike jikoni ione haya?"

Mzee Mbuvi aliguna. "Nozeli kuona haya. Hiyo sijasikia."

"Basi ni upepo."

"Upepo uende barabarani na urudi barabarani?"

"Basi ni dawa yenyewe, mzee, ilikaa chini kwenye tangi, juu kukabaki maji. Mimi nilienda gia ya pili! Sikugusa gia tangu asubuhi hadi jioni. Ubeti na kiitikio kila mstari, Amina kwa Amina, hata mwalimu wa kwaya angenipa mkono." Musembi alikuwa amepata moto sasa. Kaluki alitazama ndani ya birika. "Kama kuna mtu aliyeniona nikienda mwendo mwingine, hata mmoja tu, na ajitokeze! Nani aliniona?"

"Mimi," ikasema sauti ya mwanamke kutoka upande wa pili wa trekta.

Ilikuwa sauti ya pili, safi, isiyotetemeka. Musembi aliitambua kabla haijamaliza neno. Akachuchumaa nyuma ya gurudumu, akajikunja mpaka magoti yakagusa masikio. Upande ule mama Kaluki alikuwa amefika, akalipa trekta mgongo kwa adabu zote, shuka begani, akawa anazungumza na ukuta wa ghala.

"Mzee Mbuvi," alisema, "mimi siwezi kumwambia neno huyo mtu. Wewe unajua. Kwa hiyo nakuambia wewe, na wewe una mdomo wako."

"Sema, mama. Nitampelekea."

"Nilikuwa nimekaa na ndengu zangu. Macho niliinamisha kwenye ungo, sikumtazama hata kidogo. Lakini masikio hayana nthoni. Huo wimbo nauongoza mimi kwenye sauti ya pili, rula ya mwalimu naijua. Akitoka huko barabarani, aliimba hivi." Na mama Kaluki akaimba, polepole mno, kwa sauti tamu: "*Noooo-aaaa jeeeembe, nduuu...* Hapo kwa 'ndugu' akakaa. Nilichagua ndengu, nikaosha, nikaweka kwa moto. Bado yuko kwa 'ndugu'. Kumbe huyo ndugu yuko kibandani."

Kaluki alijifunika uso kwa kitambaa cha njano.

"Katikati ya shamba akaimba vizuri, sina ubaya naye. Akifika kwangu, mzee, akaimba hivi." Akavuta pumzi, na wimbo wote, ubeti, kiitikio na Amina, ukamtoka kwa mpigo mmoja kama maharagwe yaliyomwagika kwenye bati. "Hata jina la Bwana sikulisikia. Hiyo si gia ya pili. Kuku wangu mmoja mpaka leo hatagi."

Hemedi alikuwa ameketi chini, spana imemponyoka, anacheka mpaka machozi. Mzee Mbuvi alijitahidi kukunja uso wa mwenyekiti, lakini tumbo lake lilianza kutikisika bila kumngoja.

"Musembi!" akaita, akipangusa macho. "Umesikia vile mama anasema? Una neno?"

Neno alikuwa nalo, tena mengi. Lakini kumbishia mama mkwe kungemlazimu kumjibu, na kumjibu kulimtaka asimame, na kusimama kulimtaka atazame. Kisha chini ya trekta, polepole, kitu kikaja kikiburuzwa juu ya vumbi kwa ncha ya kijiti: kamba ya kiatu, na mwishoni mwa kamba, ufunguo. Ukasimama karibu na kiatu cha Hemedi.

"Amejibu," Mzee Mbuvi alisema.

"Sawa," mama Kaluki aliuambia ukuta, akitengeneza shuka lake ili aondoke. "Na umwambie pia, mzee, hilo gurudumu halimfichi vizuri. Nimekuja kwa njia ya nyuma, na suruali yake imepasuka."